Usaili Ndani ya Eda

Kuna watu Kanyenye, hapa Tabora, wanasema Bi Nunu ndiye aliyemfungia mkwewe riziki. Kuna wengine, wa kwetu Ng'ambo, wanasema usomi ndio uliomtoa yule msichana adabu akaichezea eda ya mumewe. Wote hao hawakuwepo. Mimi nilikuwepo, mimi na cherehani yangu, na kwa kuwa nimechoka kusahihisha watu mmoja mmoja sokoni, naandika.

Msichana mwenyewe ni Tunu, mtoto wa dada yangu Kuluthumu. Mimi ni mama yake mdogo, Amne, fundi wa nguo. Shule yangu iliishia darasa la saba. Sikufeli, nafasi ya kuendelea ilikuwa moja na nyumbani palikuwa na mtoto wa kiume. Basi nisisemewe kwamba sijui shule inauma wapi.

Tunu alikuwa kidato cha pili mama yake alipolazwa. Hospitalini jalada la Kuluthumu lilipotea, likatafutwa, likapatikana la Kuluthumu mwingine, na dada yangu akaanza kupewa dawa za sukari ambayo hana. Tulimtoa salama, lakini mtoto alirudi nyumbani na neno moja, kwamba hayo yote kompyuta ingeyamaliza. Mtoto akisema hivyo unamwitikia tu. Huyu hakuachia. Akasoma hesabu mpaka akaenda chuo Dodoma kuchukua sayansi ya kompyuta. Huko wasichana walikuwa wa kutafutwa kwa taa, na wavulana waliwaambia wamefuata wachumba. Wale wasichana walikuwa wanakaa pamoja na kuambizana kila mmoja anataka nini. Mmoja benki, mwingine kampuni ya simu, mwingine ndege tu, impeleke popote. Tunu alisema anataka kuandika programu za hospitali. Wakamcheka kwamba amekuja chuoni na ugonjwa wa mama yake.

Alimaliza vizuri. Akarudi Tabora kusubiri kazi, na kusubiri kukawa ndiyo kazi. Miaka ikapita. Kila tangazo aliomba. Aliitwa Dodoma kwenye usaili wa serikali, akakuta umati kama wa sikukuu, wote wana vyeti, nafasi zinahesabika kwa vidole. Mwisho akakaa kwenye steshenari ya mtu pale Kanyenye, anatoa kopi za vitambulisho na kupiga picha za pasipoti. Watu walidhani amefika. Mzee mmoja alinipongeza kabisa kwamba mtoto wenu sasa ni mtu wa kompyuta.

Siku moja alikuja nyumbani kwangu akakaa juu ya rundo la sare za shule nilizokuwa nashona, jambo ambalo hata yeye anajua silipendi.

"Mamdogo, naisahau," aliniambia.

Nikamuuliza anasahau nini.

"Kazi yangu. Ni kama lugha. Usipoiongea inakutoka. Kila mwaka wanatoka wapya, wana mambo ambayo mimi sikufundishwa, na mimi nakaa nakata picha za watu kwa mkasi."

Nilimwondoa juu ya sare.

Kwenye steshenari hiyo hiyo ndiko Thabit alikomwona. Thabit alikuwa mtoto wa Bi Nunu, Waarabu wa madukani, watu ambao babu zao walikuja na misafara ya biashara wakaona Tabora panatosha. Alianza kwa kuleta karatasi za duka kutolewa kopi. Karatasi zikaisha, akawa anatoa kopi ya kopi. Bi Nunu hakutaka binti wa fundi seremala kutoka Ng'ambo, na alilisema mbele yetu bila kulifunika. Lakini kijana alishikilia, ndoa ikafungwa. Na sharti lake Thabit lilikuwa la ajabu kwa mwanaume wa nyumba ile: kazi ya Tunu itakapotokea, popote itakapotokea, wanahama wote wawili. Duka lina ndugu wengine, alisema.

Ndoa haikumaliza mwaka. Thabit alipeleka bidhaa Urambo msimu wa kuuza tumbaku, na wakati wa kurudi gari likaacha njia. Walimleta jioni, tukamzika kesho yake.

Mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hajifukizi udi, hapaki hina wala wanja. Hiyo ni dini. Kisha kila nyumba ina yake ya kuongeza, na nyumba ya Bi Nunu iliongeza sana. Kioo kilitolewa chumbani. Sabuni ikawa ya mche tu. Mlangoni pakatundikwa pazia zito, na mwanaume akija kutoa pole alikalishwa upande wa pili, akasema lake kwa pazia, akajibiwa kutoka kwenye pazia, akaenda zake. Tena mwenye eda haachwi peke yake, lazima awe na mtu wa kwao. Kuluthumu miguu inamvimba, hawezi kukaa mkekani. Mimi kazi yangu inabebeka. Nikapakia cherehani kwenye bodaboda nikahamia kwa Bi Nunu.

Sitamsingizia mama yule. Alikuwa mkali, lakini alikuwa amezika mwana. Kila alipotaka kuingia chumbani kwetu alikuwa anakohoa kwanza mlangoni, kama zamani, kama mwanawe yumo ndani na mkewe. Halafu anakumbuka, na unamsikia anavyokumbuka, maana anasimama pale kidogo kabla hajaingia.

Eda ilikuwa katikati pale ujumbe ulipokuja kwenye simu ya Tunu. Aliusoma, akarudia, kisha akanipa na mimi nisome, nao ni Kiingereza kitupu. Nikamrudishia nikamwambia asome kwa sauti ya wanadamu. Ilikuwa kampuni ya Dar es Salaam inayotengeneza mifumo ya hospitali. Aliwaomba kazi kabla hata hajaolewa, akawasahau. Sasa wanamwita kwenye usaili wa mwisho, kwa video, Jumatano asubuhi, na sharti ni kamera iwe wazi na kitambulisho kiwe mkononi. Ile kazi yenyewe. Si benki, si simu. Hospitali.

Alianza kutetemeka. Nilimshika mikono nikamwambia atetemeke Alhamisi.

Tulimwambia Bi Nunu, akasema hapana kabla hatujamaliza sentensi. Mimi sikubishana, nilimwita Sheikh Twalibu, imamu wa msikiti wa jirani. Akaja akakaa upande wake wa pazia, akasikiliza, akauliza kama ni mazungumzo ya haja au ya mchezo, kisha akasema mwenye eda hakukatazwa kuzungumzia riziki yake. Ajisitiri kama anavyojisitiri mbele ya watu siku zote, aseme ya lazima, amalize. Bi Nunu aliitikia kila neno. Akamsindikiza sheikh mpaka barazani kwa heshima zote, akarudi.

"Sheikh ameeleza dini," aliniambia. "Mimi naeleza nyumba yangu."

"Nyumba yako inasemaje, Bi Nunu?"

"Wanaume wote waliokuja kumpa pole mke wa mwanangu wamezungumza na pazia. Sheikh mwenyewe leo amezungumza na pazia. Hao wa Dar es Salaam wana nini hata wao waonyeshwe uso?"

Tunu akamweleza kwa adabu kwamba kompyuta ina jicho moja, liko juu ya kioo chake, na yeye lazima aketi mbele yake ili aandike. Pazia la mlango halitasaidia. Bi Nunu akavaa miwani akainama mbele ya kompyuta.

"Ndilo hili tu? Dogo kama punje ya mtama?"

"Ndilo hilo, mama."

"Basi livalishwe pazia lake."

Ndivyo nilivyoshona pazia la jicho la kompyuta. Nilikata kipande cha bitana nyeusi, upana wa ukucha wa dole gumba, nikakipiga pindo pande zote, nikakibandika kwa juu na gundi ya karatasi ili kiweze kuinuka. Nimeshona mapazia ya kumbi za harusi na ya zahanati. Hili lilikuwa dogo kuliko yote, na bado Bi Nunu alilichukua akaligeuza kukagua pindo, kama mteja anayetafuta sababu ya kukataa. Tunu alilitazama bila kucheka. Alisema atawaeleza hao watu mwanzoni kabisa. Watu wazima, watamwelewa.

Jumatano ilipofika alioga, akajifunga shuka yake nyeupe, akaketi mbele ya stuli iliyowekwa kompyuta. Mimi nilikaa pembeni, mahali nisipoonekana, na mkasi mapajani. Bi Nunu aliweka kigoda nje ya pazia la mlango akashika tasbihi yake. Hakutaka kuingia, na hakutaka kukosa neno.

Wakatokea watatu: bwana mmoja mwenye sauti nzito aliyejitambulisha kwa jina la Gerson, ndiye mkubwa wao, mwanaume mwingine, na dada mmoja kijana.

"Tunu, tunakusikia," akasema Gerson. "Hatukuoni. Washa kamera."

Tunu akaeleza. Alieleza vizuri, bila kujililia: nimefiwa na mume, niko eda, naomba mnisikilize bila kuniona. Gerson akampa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli, nikiri. Kisha akasema kilichokuwa kikimkwaza. Mwaka uliopita waliajiri kijana aliyejibu usaili vizuri kuliko wote. Alipofika kazini hajui kitu, kumbe aliyejibu ni rafiki yake. Tangu hapo asiyeonekana uso na kitambulisho hasailiwi. Si yeye Gerson, ni utaratibu.

Tunu akawaza kidogo tu. Akaomba wanaume wawili watoke, yule dada peke yake amwone, alinganishe na kitambulisho, kisha yeye Tunu afunike tena waendelee. Nikasema moyoni, mtoto huyu hakusoma bure. Wale wakanong'onezana, wakakubali. Wanaume wakaondoka kwenye kioo, akabaki dada yule peke yake. Kule mlangoni tasbihi ilikuwa inaendelea.

"Mwenzangu," dada akasema kwa sauti ya chini, "nikwambie kabla hujafungua, nisije nikakudanganya. Usaili wote unarekodiwa. Mkurugenzi atauangalia kabla ya kuamua."

Tasbihi ikanyamaza.

"Tunu," akasema Bi Nunu kutoka nje ya pazia. "Ifunge hiyo kompyuta."

Tunu aliangalia mikono yake. Nilijua kwamba akifunga, amerudi kukata picha za pasipoti, na safari hii hata mtu wa kuja kutoa kopi ya kopi hayupo. Nilijua pia yuko ndani ya nyumba ya nani.

Akanyoosha kidole akalibandua pazia lile dogo.

"Waite wote, dada," alisema. "Tuanze."

Kigoda kilikwaruza sakafu. Kandambili za Bi Nunu zikaondoka polepole kwenye ukumbi mpaka sikuzisikia tena.

Walichozungumza sikukielewa chote, maana kilikuwa Kiingereza na namba. Lakini fundi akiwa kazini namjua. Kuna mtu anayechora kwa chaki na kupima mara tatu, na kuna mtu anayeweka mkasi kwenye kitambaa na kitambaa kinajua pa kukatika. Tunu alikuwa huyo wa pili. Ile hofu ya kusahau ilikuwa uongo. Hakuwa amesahau kitu. Wakamwuliza kwa Kiswahili, wagonjwa wawili wakiwa na jina moja na mwaka mmoja wa kuzaliwa, mfumo wako hautawachanganya? Akacheka. Tangu siku ya Urambo sikuwa nimemsikia akicheka.

"Kaka Gerson, hapa Tabora ukiita Shomari Adinani kwenye foleni wanasimama watano, na wawili wao ni wa mtaa mmoja. Mama yangu alikunywa dawa za mwenziwe. Hilo ndilo lililonipeleka chuo."

Akawaonyesha namna atakavyofanya. Gerson aliacha kuuliza akawa anaandika tu. Mwishowe akasema maneno niliyoyaelewa bila mkalimani: wamempenda.

Kisha akasema kazi inaanza tarehe mosi ya mwezi unaofuata. Mafunzo Dar es Salaam, wote pamoja, halafu wanatawanywa hospitali za mikoani kufunga mfumo.

Tunu akasema eda yake itakuwa bado. Akaomba miezi hiyo afanyie kazi Tabora kwa mtandao, usiku na mchana kama wanataka, kisha aende. Gerson akazima sauti wakashauriana. Midomo yao tuliiona, maneno hatukuyasikia. Aliporudi sauti yake ilikuwa imepungua uzito.

"Ningekuwa peke yangu ningekusubiri, dada. Hospitali zimeshapewa tarehe. Nina mtu wa pili kwenye orodha na yuko tayari kusafiri. Nataka jibu lako leo. Unaweza kufika au huwezi?"

Nikamwashiria kwa kichwa. Nikamwashiria kwa mkasi. Nikamfinya mguu chini ya stuli, mahali kamera isipofika. Sema unaweza, mwanangu, mengine tutayashona baadaye.

"Siwezi," alisema Tunu. "Eda yangu haijaisha."

Gerson akarudia swali, labda alidhani mtandao umekata.

"Siwezi, kaka. Asanteni."

Akafunga kompyuta. Mimi nikafunguka. Nilimwambia kila nililokuwa nimelimeza tangu mkeka utandikwe. Umemdhalilisha mkweo nyumbani kwake kwa ajili ya kazi, halafu kazi unaikataa? Kama ulikuwa huendi, uso uliuonyesha wa nini?

"Uso ni wangu, mamdogo," alisema. "Eda ni ya Thabit."

"Thabit hana haraka. Amekwisha kufika."

"Mimi ndiye nilikuwa na haraka." Hakuwa analia, na afadhali angelia. "Alinipigia simu kutoka Urambo asubuhi ile. Nikamwambia nitakupigia, najaza maombi ya kazi. Sikumpigia. Miezi hii ndiyo kitu pekee ninachompa bila kumwambia asubiri."

Niliurudisha mkasi kwenye cherehani. Si kwamba nilikubali. Mpaka leo sijakubali. Thabit mwenyewe ndiye aliyeweka sharti la kuhama, na nina hakika angempakia kwenye treni kwa mikono yake. Lakini mwenye kufiwa ni yeye, si mimi.

Baada ya alasiri tulisikia kikohozi mlangoni. Bi Nunu akaingia na chai na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga, akaweka chini, akabaki amesimama.

"Umepata?"

"Nimekosa, mama. Walinitaka kabla ya kutoka eda."

Bi Nunu akakaa. Nilitegemea afurahi na nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumkata. Akasema tu, "Ungesema umepata, ningekufukuza leo leo na vitu vyako." Kisha akaokota karanga moja, akaishika bila kuila. "Na mwanangu asingenisamehe. Alikuwa akinisumbua na kazi yako hiyo kuliko unavyonisumbua wewe."

Hawakukumbatiana. Wanaosimulia kwamba walikumbatiana wamelitunga. Chai ilipoa, tukainywa ikiwa imepoa, na mimi nikarudi kwenye sare zangu.

Eda iliisha. Tunu akaogeshwa, akavaa rangi, akarudi Ng'ambo kwa mama yake. Siku ile ile alimwandikia Gerson. Akajibiwa kwa upole kwamba nafasi imejazwa, jina lake wamelihifadhi, atakumbukwa. Amehifadhiwa jina na kampuni nyingi, huyu mtoto. Ameomba tena kwingine, na tena. Wanaomjibu wanauliza kwa nini miaka yote hii hajafanya kazi aliyoisomea. Wengi hawamjibu. Siku hizi haniambii anapoomba. Najua tu kwa kuwa anashika simu kama mtu anayesubiri habari za mgonjwa.

Steshenari walimrudisha. Wiki iliyopita nilimpelekea chakula nikamkuta na mkulima mmoja wa tumbaku kutoka Urambo, bwana Lugembe, amekuja na binti yake aliyemaliza kidato cha sita ajaziwe maombi ya chuo. Binti ana hesabu nzuri, vyeti nimeviona. Akasema anataka sayansi ya kompyuta. Baba akamgeukia Tunu.

"Shikamoo yako tumeipokea, mwanangu, sasa tusaidie. Hiyo kompyuta ina kazi? Wewe mwenyewe ulisomea nini?"

"Niliisomea hiyo hiyo, baba."

Lugembe akaangalia mashine ya kutolea kopi, akaangalia mkasi na vipande vya picha mezani. Alikuwa mtu mstaarabu. Alimgusa binti yake begani kidogo, kama anayetaka kumwondoa pale.

Tunu akamwangalia yule binti. "Unaitaka kweli?"

"Naitaka, dada."

Akaijaza. Chaguo la kwanza, la pili, la tatu, yote kompyuta, kama binti alivyotaka. Walipoondoka nilimuuliza kwa nini hakumwonya mtoto wa watu.

"Nimwonye aende wapi, mamdogo?" alisema, na mteja mwingine alikuwa ameshaingia, anataka picha za pasipoti, zenye mandhari ya bluu.